Bi Mkasi na Kirusi Kilichokataa Kuhesabiwa

Kuna watu wakianza kukonda huenda kwa daktari. Bi Mkasi alipoanza kukonda alijishonea makalio.

Alikuwa fundi cherehani, kwa hiyo kazi hiyo haikumsumbua. Alichukua sponji ya godoro kuukuu, akaikata kwa kukisia, akaivika kitambaa cha bitana na kuifunga kiunoni chini ya sketi mbili. Upande wa kushoto ulizidi wa kulia kidogo, lakini nani atamtazama mama wa umri wake kwa muda wa kutosha kulinganisha? Mabega nayo aliyajaza pamba. Akasimama mbele ya kioo cha wateja, akajigeuza huku na huku, akaridhika kwamba bado yumo. Kisha akafungua mlango wa duka na kuanza kuwasema watu kama kawaida.

Jina la Mkasi hakupewa kwa sababu ya kazi peke yake. Alikuwa na ulimi wa kumkata mtu vipande na kumwachia abebe mabaki mwenyewe. Bibi harusi akija kupimwa gauni, aliambiwa pale pale kwamba kiuno anachokitaka hakijazaliwa kwao. Wateja hawakukoma kurudi, kwanza kwa sababu alishona vizuri, na pili kwa sababu kila mmoja alipenda kusikia aliyemtangulia amesemwa nini.

Mumewe alikuwa fundi baiskeli, watu wakimwita Pancha. Walioana ukubwani, Bi Mkasi mjane, Pancha kapera ambaye dunia ilisahau kumwozesha. Harusi haijapoa, Pancha akashikwa na kikohozi kisichokwisha, akapelekwa kupimwa, akaonekana ana virusi vya UKIMWI. Siku hiyo hiyo Bi Mkasi akatobolewa kidole, naye akaonekana anavyo. Hapo kesi ikaisha kabla haijaanza: aliyeleta ni Pancha.

Nani mwingine? Mume wa kwanza wa Bi Mkasi alikuwa baharia wa meli za mizigo, na alifariki kwa kuanguka kutoka kwenye ngazi akiziba paa. Mtu akifa kwa ngazi hakuna anayemshuku maradhi. Picha yake kubwa ilitundikwa sebuleni juu ya meza ya chakula, amevaa kofia nyeupe, meno yote nje. Pancha kwa upande wake aliwahi kuwa kijana, na ujana wake ulikuwa na mengi. Alipoulizwa hakubisha. Alisema, "Ni mimi, mke wangu, nani mwingine," akainamisha kichwa, na tangu siku ile hakukiinua sawasawa ndani ya nyumba hiyo.

Kazi zote zikahamia kwake. Pancha aliosha vyombo. Pancha aliteka maji. Pancha alikula akiwa amekaa chini ya ile kofia nyeupe, kwenye kiti ambacho mkewe alimchagulia. Akithubutu kusema mchuzi umepungua chumvi, alijibiwa, "Aliyeniletea maradhi ananiuliza chumvi." Ni silaha nzuri hiyo, haitaki hata kunolewa. Na tuseme ukweli, Bi Mkasi aliipenda kuliko alivyoyachukia maradhi yenyewe. Wanawake wangapi wana mume anayesugua sufuria mpaka chini, kwa nje?

Dawa walimeza pamoja, baada ya taarifa ya habari ya redio. Vilikuwa vile vidonge vya zamani, kimoja kikubwa chenye dawa tatu ndani yake, ambavyo vilikuletea ndoto za vichekesho. Pancha aliota anaendesha baiskeli isiyo na mnyororo na bado inapanda mlima. Bi Mkasi aliota wateja wamekuja uchi kulalamika. Basi hapo ndipo mambo yalipoanza kwenda kombo, kwa sababu Pancha alinenepa mpaka akatoboa mkanda wake tundu jipya, na Bi Mkasi, aliyemeza kidonge kile kile, saa ile ile, kwa maji ya jagi moja, alianza kuisha.

Kwanza alidhani mumewe anajichagulia vidonge vizuri. Akamwamuru wabadilishane vikopo. Pancha, ambaye angebadilishana hata miguu akiambiwa, alibadilisha. Yeye akazidi kunawiri, mke akazidi kwisha.

"Labda una mawazo," Pancha alisema kwa woga.

"Ninayo," alijibiwa. "Yote ni wewe."

Sasa utauliza kwa nini hakwenda kusema kliniki. Ndiyo maana nimeanza na makalio. Pale kliniki Bi Mkasi alikuwa mtu mkubwa. Kila walipopima wingi wa virusi katika damu yake, majibu yalirudi kwamba havionekani, na majibu hayo ndiyo yanayotafutwa na kila mmeza dawa. Muuguzi mkuu, mama mnene ambaye wote walimwita Sista, alimweka benchi la mbele awafunde wageni. Naye alifunda. "Kidonge ni kama mume," aliwaambia. "Msahau siku moja tu, uone atakavyokupangia." Watu walicheka, na kliniki ikapendeza siku hiyo.

Lakini kliniki ile ilikuwa na sheria yake isiyoandikwa: aliyekonda anatupa vidonge. Hakuna kujitetea. Bi Mkasi mwenyewe ndiye aliyewahi kumgeukia mama mmoja dhaifu mbele ya benchi zima na kumwambia, "Wewe unamwagia kuku, tunakuona." Leo asimame yeye, mifupa nje, aseme amemeza vyote? Mkuki kwa nguruwe. Akaona heri afe na heshima yake. Siku za kliniki alivaa sponji, akavaa sketi mbili, na mfukoni akatia mkasi mkubwa wa kukatia vitambaa pamoja na kufuli mbili za mlango wa duka. Sista alisoma mzani, akaona uzito haujatikisika, akasifu. Majibu ya damu yalisema hakuna kirusi, mzani ulisema hakuna tatizo, na mgonjwa katikati yao alikuwa akifa kwa starehe.

Mficha maradhi, kifo humwumbua. Kwa Bi Mkasi, mkasi ulikiwahi kifo.

Ilikuwa asubuhi ya kawaida. Pancha alimleta amekaa kwenye keria ya baiskeli, akabaki getini kumzibia mlinzi tairi. Ndani, Bi Mkasi alipanda mzani, na mfuko wa sketi, uliochoka kubeba chuma mwezi hadi mwezi, ukachanika. Mfuko aliushona mwenyewe, na aibu hiyo ilimuuma baadaye kuliko nyingine zote. Kufuli ziligonga sakafu. Mkasi ukatua juu ya mguu wa Sista. Mshale wa mzani ukarudi nyuma kwa haraka, kama unaokimbia.

Sista alishika mguu wake, akamtaja Mungu, kisha akamtaja mtu mwingine ambaye hatumtaji hapa. Alipomaliza akamvuta Bi Mkasi nyuma ya pazia. "Vua."

"Sista, kuna baridi."

"Vua, mama, kabla sijakuvua."

Akavua. Sponji ikaanguka, pamba ikafuata. Sista alitazama kilichobaki na hasira ikamtoka yote. Mikono ilikuwa ngozi na mfupa, na mbavu ungezihesabu ukiwa mlangoni. Akaokota sketi akamvalisha yeye mwenyewe, taratibu, akamfunga na vifungo.

"Kwa nini, dada yangu?" aliuliza. Hajawahi kumwita dada.

Bi Mkasi alitaka kujibu kwa ulimi wake wa kila siku akakuta haupo. "Ninameza," alisema. "Ninavimeza vyote, Sista. Wallahi ninavimeza."

Wakaingia kwa daktari. Alikuwa kijana mwenye shati lililovaliwa bila pasi, jambo ambalo Bi Mkasi aliliona kabla hata ya kuketi. Daktari alisoma majibu ya nyuma, akamtazama mgonjwa, akasoma tena. Akauliza lile swali. "Mama, dawa unameza kweli?"

"Ukiniuliza hilo tena nitakung'ata."

Hakuuliza tena. Alisema huenda damu iliwahi kuchanganywa na ya mtu mwingine, akatoa nyingine. Alisema huenda ni kifua kikuu, akampiga picha ya kifua na kumpima makohozi. Kifua kilikuwa safi. Damu mpya ikarudi na maneno ya zamani: virusi havionekani. Lakini safari hii daktari alikuwa ameagiza pia kinga ya mwili ihesabiwe, kitu ambacho hakikufanywa siku nyingi kwa sababu mgonjwa mwenyewe alikuwa mfano wa kuigwa. Kinga ilikuwa sakafuni.

"Haiwezekani," alisema daktari, zaidi kwa ile karatasi kuliko kwa mgonjwa. "Hakuna mwizi ndani, na vitu vinaendelea kupotea."

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema Bi Mkasi. "Hata sisi ambao hatukusoma tunajua."

Daktari alicheka kidogo, kisha akaacha kucheka. Akapiga simu kwa aliyesoma naye, aliyefanya kazi hospitali kubwa, na simu ile ilikuwa na sauti ya juu. Bi Mkasi alisikia rafiki huyo akimcheka mwenzake na kumuuliza kama alilala darasani siku ya somo la aina ya pili. Daktari akaweka simu chini, masikio yamemwiva.

"Mama, umewahi kuishi nchi nyingine?"

"Mimi? Hata mtaa wa pili nauona kwa mbali."

"Na mzee?"

"Pancha? Huyo akivuka barabara anaaga."

"Na kabla yake? Uliwahi kuolewa?"

 Ile kofia nyeupe ilimjia Bi Mkasi machoni. "Marehemu alikuwa baharia," alisema. "Meli za mizigo. Alikuwa akikaa sana bandari za huko magharibi ya bara. Alipapenda." Halafu akaongeza, kwa sauti aliyoitumia kufukuza wateja wabishi, "Lakini alikufa kwa ngazi."

"Ngazi haiui kilichokuwemo tayari," alisema daktari.

Kipimo kilichofuata kilikuwa kidogo, kijikanda cha plastiki chenye mistari. Kile kilichotumika zamani kilisema tu kwamba virusi vipo, hakikusema ni vya aina gani. Na nani angeuliza? Mume ana aina ya kawaida, mke kapimwa siku moja naye, wakawekwa kapu moja. Hiki kipya kilitenganisha. Bi Mkasi aliinama juu ya meza akitazama wino ukipanda, roho mkononi. Mstari wa kwanza haukutokea. Wakasubiri. Mstari wa pili ukatokea, mwekundu, bila haya.

"Unavyo vya aina ya pili," alisema daktari. "Ni vichache sana huku kwetu, nyumbani kwao ni huko magharibi ya bara. Mimi sijawahi kukutana navyo."

"Kwa hiyo nimepatwa na toleo la wachache."

"Ndiyo, mama." Akamweleza vizuri, na hapo Bi Mkasi alimsamehe lile shati. Mashine ya kuhesabu virusi ilifundishwa aina ya kwanza tu, kwa sababu ndiyo iliyojaa kila mahali. Ni kama mlinzi wa geti aliyeambiwa awakamate wenye kofia. Vya kwake havikuvaa kofia, vikapita kila siku vikisalimiwa. Aina hii huenda polepole, haiambukizi kwa urahisi kama mwenzake, inaweza kukaa mwilini miaka na miaka imetulia. Na katika kile kidonge chenye dawa tatu, moja haiigusi kabisa. Mbili zilizobaki zilipigana peke yao mpaka zikachoka.

"Nitakufa?" Aliuliza hivyo hivyo, bila mzaha.

"Tumechelewa, sikufichi. Lakini hatujachelewa sana. Kuna dawa zinazoiweza, utaanza leo." Daktari alitabasamu, akaona amsindikize mgonjwa na habari njema. "Na jambo jingine. Mzee alipopimwa mwanzo, kabla ya dawa, mashine iliviona virusi vyake na kuvihesabu. Vyake ni aina ya kwanza. Vyenu ni tofauti, mama. Yeye hakukuambukiza wewe, wala wewe hukumwambukiza yeye."

Kijana wa watu alidhani amempa zawadi. Bi Mkasi alikaa pale ameshika kijikopo kipya cha dawa.

"Usimwite," alisema mwishowe. "Nitamwambia mwenyewe."

Hakumwambia. Njia nzima alikaa kwenye keria nyuma ya ule mgongo mpana, akitazama jasho likichora shati. Pancha alikanyaga pedali polepole ili mashimo yasimwumize.

"Wamesemaje?"

"Wamebadilisha dawa tu."

"Mbona zangu hazijabadilishwa?"

"Hizi za wanawake."

Pancha akaridhika. Mambo ya wanawake aliyaamini yote, hata yale yaliyotungwa papo hapo.

Aliogopa nini? Mtu mwepesi wa kusema angesema aliogopa vyombo. Vyombo vilikuwemo, sikatai. Lakini zaidi aliogopa kwa sababu aliijua roho yake mwenyewe. Angekuwa yeye ndiye aliyebebeshwa kosa la mtu miaka yote ile, na siku moja akagundua, angefungasha siku hiyo hiyo, na mlango angeubamiza usikike mpaka sokoni. Alimpima Pancha kwa kipimo chake mwenyewe. Na alikuwa dhaifu, hawezi kupanda ngazi mbili za baraza bila kushikwa. Mume akiondoka sasa, nani atamshika? Basi akameza dawa mpya na ukweli wa zamani pamoja, na cha pili hakikushuka.

Ikafika alasiri moja. Bi Mkasi alikuwa amejilaza chumbani, duka limefungwa, Pancha amerudi mapema kumpikia uji. Akasikia sauti sebuleni. Alidhani pana mgeni, akatega sikio. Alikuwa Pancha peke yake, anaongea na picha.

"Kaka," alikuwa akisema, kwa heshima, kama mtu aliyeingia ofisini. "Leo tena nimekuja na lile lile. Uliniachia mtu mzima, mwenye nguvu, anacheka. Nimemharibu. Dawa wamembadilishia lakini naona bado hali yake iko chini. Akija huko, usimwambie kitu kibaya juu yangu, mwambie nilijitahidi. Nisamehe, kaka."

Neno *tena* ndilo lililomchoma. Kumbe huko kukaa chini ya kofia hakukuwa adhabu tu. Pancha alikuwa akiomba radhi, siku nenda siku rudi, kwa mtu ambaye yeye ndiye angepaswa kuomba.

Bi Mkasi aliinuka akishika ukuta. Hakuvaa sponji, hakuvaa pamba. Alitoka vile vile, kanga moja na mifupa yake, akasimama mlango wa sebule.

"Muache huyo," alisema. "Ni yeye."

Pancha aligeuka na mwiko wa uji mkononi. "Ni yeye nini?"

Akamwambia. Alimwambia yote, aina ya kwanza na aina ya pili, mashine na mlinzi wa geti, meli na bandari. Hakupamba wala hakutia utani, na ilikuwa mara ya kwanza Pancha kumsikia akiongea kwa muda mrefu bila kumtukana mtu. Alipomaliza akasema, "Hukuniletea wewe. Hukuniletea kitu chochote kibaya, Pancha, tangu nikujue."

Pancha aliketi. Hakuketi kwenye kile kiti chake, aliketi kingine. "Kwa hiyo mimi sikukuua," alisema.

"Hukuniua. Na sijafa."

Machozi yakamtoka, mwanaume mzima, yakashuka mpaka kwenye tumbo lile la dawa zilizomkubali. Alilia kama mtu aliyetua mzigo na bado shingo inamuuma. Kisha akajifuta kwa kiganja chenye grisi, akajipaka weusi usoni. "Ulijua lini?"

"Siku ile ya kliniki."

"Siku uliyosema za wanawake."

"Siku hiyo."

Pancha akaweka mwiko mezani, akatoka nje. Bi Mkasi alisikia pampu ya baiskeli ikianza kufanya kazi uani. Ilipiga, ikapiga, ikapiga, na yeye akajua hakuna tairi duniani linalohitaji upepo wote ule. Mwishowe likapasuka. Baada ya hapo pakawa kimya, na ukimya huo ulimtisha kuliko mlango wowote uliowahi kubamizwa.

Hakuwa na la kufanya. Akaingia jikoni. Vyombo vya asubuhi vilikuwa kwenye beseni, vinamsubiri mwenyewe. Alitafuta cha kuoshea asikione, kwa kuwa hakujua Pancha anakiweka wapi. Akarudi chumbani, akachana bitana, akakata kipande cha sponji, upande wa kushoto, ule uliozidi. Akaanza kuosha. Sufuria ilikuwa nzito kuliko alivyoikumbuka, na povu lilimpanda mpaka viwikoni.

Pancha alitokea mlangoni, amesimama, mikono mitupu. Akatazama sufuria.

"Umeacha ukoko pembeni," alisema.

"Sijaosha miaka mingi."

"Inaonekana."

Bi Mkasi hakugeuka. Alingoja aambiwe aache, arudi akalale, ampishe mwenye kazi. Pancha hakusema hivyo. Akakivuta kigoda, akakisogeza nyuma ya magoti yake, akamshika mabega yasiyo na pamba na kumkalisha.

"Osha umekaa," alisema. Kisha akachukua kitambaa, akasimama kando yake kusubiri cha kukausha. Akatazama mle ndani ya beseni. "Hii sponji umeitoa wapi?"

"Wewe kausha," alisema Bi Mkasi, akampa sufuria.